Farasi Hasogezwi

Nianze kwa kusema ukweli: mimi ni mtu wa kusogeza viti. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, katika nyumba ambayo mgeni akipiga hodi tu, mama yangu alikuwa ameshasukuma viti vyote ukutani, zulia limekung'utwa, na sisi watoto tumefukuziwa uani. Kwetu, nyumba yenye kitu katikati ya njia ni nyumba isiyo na mwanamke. Tabia hiyo nilikuja nayo Sweden nzima nzima. Sikuiacha kambi ya wakimbizi wala uwanja wa ndege, na nusura imtoe mzee wa watu kwenye nyumba yake.

Mambo haya yalitokea Fisksätra, pembezoni mwa Stockholm, katikati ya ile miaka ya elfu mbili, wakati binti yangu ameanza shule na ameshaanza kunijibu Kiswidi kila nikimsemesha Kiswahili. Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Asubuhi unachukua funguo ofisini na karatasi ya ratiba, unapanda ngazi za huyu, unashuka, unapanda za yule. Huyu unamwogesha, yule unampa dawa, mwingine unamvisha zile soksi za kubana ambazo aliyezitengeneza sijui alikuwa na ugomvi na nani. Nilikuwa mfanyakazi wa kuitwa: simu ikilia naenda, isipolia nakaa. Kwa hiyo nilijitahidi niwe mtu asiye na kasoro.

Saa mbili asubuhi ilikuwa zamu ya Mzee. Alikuwa Mnorwe, mrefu, anakaribia miaka tisini, anaishi peke yake ghorofa ya tatu, upande ambao treni ya Saltsjöbanan inasikika ikifunga breki. Mkewe Mswidi alikuwa amefariki zamani, na binti yake wa pekee alikuwa amehamia Norwe, kwenye visiwa alikozaliwa baba yake. Macho ya Mzee yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na kivuli, basi. Sura yangu hakuwahi kuiona hata siku moja. Na alikuwa na ombi moja tu duniani: asitolewe kwenye ile nyumba. Alikuwa ameshawaona wenzake wakipelekwa kwenye makao ya wazee, na hakuogopa kufa hata nusu ya alivyoogopa kuwekwa kwenye chumba asichokijua.

Sweden mtu humwita mzee wa miaka tisini jina lake kavukavu, kama mlivyosoma darasa moja. Mimi siwezi, mdomo unakataa. Nikamwita Mzee tangu siku ya kwanza, akaniuliza ni neno gani hilo, nikamweleza kwamba ni heshima. Akalitafuna kidogo, akasema litafaa. Yeye alikuwa akiongea Kiswidi chenye Kinorwe ndani, mimi nikiongea Kiswidi cha darasani chenye Kirundi na Kiswahili ndani, na nashangaa mpaka leo tulivyoelewana.

Siku hiyo hiyo ya kwanza alinifokea. Niliingia, nikakuta kigoda katikati ya korido, kimekaa tu pale, hakina kazi. Nikakiinua ili nipite. Mzee alikuwa kitandani chumba cha pili, haoni, lakini alisikia miguu ya kigoda ikiachana na sakafu.

"Rudisha," alisema. "Hicho si kigoda. Hicho ni mnara wa mawe."

Nikajisemea, haya, leo nimepewa mwenye wazimu. Nikakirudisha. Akaniambia nimekiweka vibaya, nikisukume kuelekea mlangoni kwa upana wa kiganja. Nikakisukuma, huku nikimkatia jicho ambalo hakuliona.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Mzee alikuwa nahodha wa boti ya posta kwa miaka thelathini, kwao Norwe, kabla hajamfuata mkewe huku. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua, unga, magazeti na wakati mwingine mkunga kwenye visiwa vidogo vilivyotapakaa mbele ya pwani kama makombo ya mkate. Baina ya visiwa hivyo kumejaa miamba, mingine iko juu ya maji, mingine imejificha chini kidogo, na ukungu ukishuka hata pua ya boti huioni. Nikamuuliza sasa alikuwa anapitaje. Akasema hupiti kwa kutazama unakokwenda. Unatafuta vitu viwili unavyovijua, unavipanga kwenye mstari mmoja. Mnara wa kanisa ukikaa juu ya paa la banda jekundu, wewe uko kwenye maji salama. Ukiona kanisa limeteleza kushoto mwa banda, umepotea, rudi. Kila kona ina alama zake mbili, na baba yake alimfundisha zote kabla hajajua kusoma.

Basi macho yalipoanza kumwacha, Mzee aliihamishia pwani yao ndani ya nyumba yake ya Fisksätra. Kitanda kilikuwa gati la nyumbani. Kiti kikubwa cha mikono kilikuwa Farasi, kisiwa kirefu chenye mgongo. Nyuma ya Farasi ilikaa meza ndogo ya simu yenye kitambaa cheupe cha kufumwa na marehemu mkewe, na hiyo ilikuwa Bi Harusi, mwamba ambao ndege wameuchafua mpaka umekuwa mweupe pepepe. Meza ya kulia na kigoda chake cha pembeni walikuwa Ng'ombe na Ndama. Saa ya ukutani ilikuwa kanisa kwa sababu ilipiga kengele. Friji ilikuwa mnara wa taa. Kigoda cha korido ndicho ule mnara wa mawe uliopangwa juu ya kilima ili mabaharia wauone kwa mbali. Alitembea kwa masikio, kwa nyayo na kwa ncha za vidole: friji ikinguruma mbele yake na saa ikigonga bega la kushoto, alijua yuko kwenye maji salama. Mkono ukigusa mgongo wa Farasi, hatua mbili, kisha Bi Harusi anatokea, kisha unakata kulia kuelekea jikoni.

Nilimsimulia rafiki yangu wa Södertälje, mama mmoja tuliyetoka naye Bujumbura, tukacheka mpaka machozi. Nikamwambia kwamba asubuhi hii nimechukua maziwa ya uji kwenye mnara wa taa. Lakini kimoyomoyo nilianza kumwonea wivu yule mzee. Mimi nilikuwa na macho yangu mawili na miaka minne Stockholm, na bado nikishuka kituo kigeni nilikuwa nasimama kama mti, sijui kulia wala kushoto. Yeye hakuona kitu, lakini hakuna siku alikuwa hajui yuko wapi. Kidogo kidogo nikaanza kusafisha nyumba yake bila kugusa alama. Nafagia kuzunguka Farasi, nafuta vumbi la Bi Harusi na kitambaa nakirudisha palepale. Yeye alinijua kwa mshindo wa miguu ngazini. Kabla sijaingiza ufunguo nilikuwa nasikia sauti yake ikisema posta imefika.

Halafu ikaja barua ya manispaa. Niliisoma mimi, kwa sauti, kwa kuwa yeye hakuweza. Afisa atakuja kumwangalia anavyojimudu ndani ya nyumba, ili iamuliwe kama anaweza kuendelea kuishi peke yake au ahamishiwe kwenye makao ya wazee. Mzee akauliza ni siku gani, nikamwambia Alhamisi ya wiki inayofuata, akasema vizuri, atampeleka bibi afisa matembezi ya visiwani. Alijaribu kucheka.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Jumatano mchana Mzee alipelekwa kliniki ya macho na gari la manispaa. Mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha, funguo nilikuwa sijazirudisha ofisini, nikajiambia: kesho anakuja mgeni. Tena si mgeni wa hivi hivi, ni serikali! Damu ya mama yangu ikapanda kichwani. Nikaingia, nikavua koti, nikaanza. Zulia nililibeba mpaka chini nikalipiga mpaka likakoma. Sakafu nikaipiga deki mara mbili. Farasi nikamsukuma ukutani, mgeni apate pa kupita. Ndama nikamwingiza chini ya Ng'ombe. Kigoda cha korido nikakitoa barazani, kwa maana mgeni hapokelewi na kigoda mlangoni. Kitambaa cha Bi Harusi nikakifua nikakianika bafuni. Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikaitazama ile nyumba, ilivyong'aa, ilivyopana, nikajisikia fahari. Nilijua nimesogeza alama, msidhani sikujua. Lakini nilisema kesho mimi mwenyewe nitakuwepo, nitamshika kiwiko, nitampitisha, mgeni akiondoka narudisha kila kitu. Mgeni wa siku moja hawezi kuharibu bahari.

Jioni mwenzangu wa zamu alimpokea Mzee amechoka, akamshika mkono moja kwa moja mpaka kitandani. Asubuhi nilimkuta bado amelala, nikamwosha na kumvalisha palepale chumbani, sweta lake la sufu lenye vifungo vya fedha. Kwa hiyo toka jana yake hakuwa amepiga hata hatua moja mwenyewe sebuleni. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo mara mbili, na mara mbili yeye akaanza kuniuliza kama nywele zake zimekaa sawa.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amevua viatu mlangoni, daftari mkononi. Aliisifu nyumba kwa usafi wake. Nikavimba kichwa. Akamwomba Mzee atoke kitandani, aende jikoni, amimine kahawa kutoka kwenye chupa ya chai, ailete mezani. Nikasogea nimshike kiwiko. Yule mama akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba leo mimi nikae tu, tumwone mwenyewe.

Nikakaa. Jamani, nikakaa! Hapo ndipo penye kosa langu hasa, kuliko hata viti. Ningeweza kusema neno moja tu, subiri, nimesogeza vitu. Lakini nilikuwa mfanyakazi wa kuitwa, tulikatazwa kabisa kupanga upya nyumba za watu, na niliingia saa zisizo zangu kwa funguo za ofisi. Nikajidanganya kwamba atapapasa, atavipata.

Mzee alisimama amenyoosha shingo. Alisikiliza friji, akasikiliza saa, akaanza safari kwa hatua za mtu anayekwenda kwake. Alipofika pake akanyoosha mkono wa kulia kumgusa Farasi. Mkono ukashika hewa. Akasimama. Akaupeleka mbele zaidi, ukashika hewa tena. Niliona uso wake ukibadilika, na sitausahau: uso wa mtu aliyekuwa nyumbani, mara hayupo. Akajaribu kukata kulia kwa kukisia, mguu ukakamata ncha ya zulia nililolirudisha kichwa chini, akaanguka ubavu, paji la uso likagonga kona ya Ng'ombe.

Damu haikuwa nyingi. Tulimnyanyua, tukamkalisha, nikamsafisha jeraha. Yule afisa alikuwa ameumia pia, ilionekana, lakini aliandika aliyoyaona, na aliyoyaona ni mzee kipofu aliyeshindwa kuvuka sebule yake. Aliaga akisema barua itakuja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaanguka.

Mlango ulipofungwa, Mzee alikaa na kitambaa kipajini.

"Farasi yuko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia yuko ukutani. Nikamwambia ni mimi. Nikamweleza yote, mama yangu, wageni, viti, huku nalia kwa sauti kama niko msibani, maana nilikuwa nimeshaiona barua yenyewe, imeandikwa, imepigwa muhuri. Hakunitukana. Natamani angenitukana.

"Miaka thelathini na boti ya posta sijapanda mwamba," alisema. "Leo nimepanda ndani ya nyumba yangu."

Akaniomba nimrudishe kitandani. Nilimshika kiwiko, kile kiwiko nilichopanga kukishika, nikampeleka.

Siku hiyo niliwahudumia wazee wengine sita kama mtu aliyelewa. Nyumbani binti yangu aliniuliza kwa Kiswidi kwa nini nimetia chumvi kwenye chai. Nilimpigia rafiki yangu wa Södertälje, nikitegemea ataniambia ninyamaze, nifikirie mtoto, kazi nitaipata wapi nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mficha uchi hazai, akakata simu. Yeye ndivyo alivyo. Namshukuru mpaka leo kwa kunikatia ile simu.

Ijumaa asubuhi nilimpigia afisa. Kiswidi changu kilikuwa kimenikimbia, nikakishika kwa nguvu. Nikamwambia kwamba Mzee hakushindwa, ila mimi nilimbomolea njia. Nikamweleza Farasi ni nini na Bi Harusi ni nani, na kwa nini mtu anayetoka kwetu hawezi kumwacha mgeni akute kiti katikati ya nyumba. Akauliza kama natambua kwamba itabidi amwarifu msimamizi wangu. Nikasema natambua. Akauliza kama vitu vikirudishwa Mzee ataweza kweli. Nikasema ataweza. Akasema atakuja mara moja tena, Jumanne, na hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho.

Hapo nikagundua jambo la kunitia ubaridi: sikujua kuvirudisha. Unasogeza kitu kwa dakika moja, lakini kukirudisha kwa upana wa kiganja ni elimu nyingine. Jumamosi, ambayo safari hiyo sikupangiwa zamu, nilimwacha binti yangu kwa jirani nikaenda kubisha kwa Mzee kama mgeni, maana funguo nilikuwa nimezirudisha. Alifungua mwenyewe, kwa kushika ukuta, amejipapasa muda mrefu mpaka kufika. Bandeji kipajini. Nikamwambia nimekuja kurudisha visiwa.

Alinifikiria kidogo pale mlangoni. Kisha akaniambia niingie, nivue skafu yangu, nijifunge machoni.

Nilidhani ananiadhibu. Kumbe alikuwa ananifundisha. Alisema mtu mwenye macho hawezi kumpanga Farasi, atampanga kwa uzuri. Basi nikajifunga kitambaa, mwanamke mzima, katikati ya sebule ya mzee wa Kinorwe, na yeye akiwa kitandani akinisemesha. Sikiliza mnara wa taa. Sikiliza kanisa. Sasa tembea mpaka kanisa likae begani. Niligonga ukuta, nikagonga mlango, nikakanyaga sahani ya paka wa marehemu mkewe, paka ambaye hakuwepo tena miaka kumi. Kila nikisimama ananiuliza:

"Uko wapi?"

Mara ya kwanza nilijibu sijui. Mara ya kumi nikajibu niko baina ya kanisa na mnara, Farasi awe hapa, chini ya mkono wangu. Akasema basi mlete. Nikavua kitambaa, nikamsukuma Farasi mpaka pale niliposimama, naye akaja kwa hatua zake, akanyoosha mkono, akasema bado upana wa kiganja. Tulifanya hivyo kwa Ng'ombe, kwa Ndama, kwa kigoda cha korido. Kitambaa cheupe alikigusa, akanusa sabuni, akakitandika mwenyewe. Kwa kila kisiwa alinisimulia nani alikuwa anaishi pale: mjane aliyekuwa anapokea barua moja kwa mwaka, ndugu wawili wasiosemezana waliotaka magazeti mawili yale yale, mwalimu aliyekuwa akimpa kahawa ya chumvi. Jua liliingia kwenye dirisha la jikoni mpaka likatoka. Mwisho nilivuka nyumba nzima nimefunga macho, kutoka gatini mpaka mnara wa taa na kurudi, sikugusa mwamba hata mmoja. Nilicheka peke yangu. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kujua niko wapi namna ile, tangu nitoke kwetu.

Jumanne bibi afisa alikuja, akavua viatu, akazunguka kigoda cha mlangoni bila kukigusa. Mimi nilikaa bila kuambiwa. Mzee alisimama, akasikiliza, akaondoka gatini, na safari hii alikuwa anatangaza njia kwa sauti, kama alivyokuwa akiwatangazia abiria wake. Mkono wake uliposhuka juu ya mgongo wa Farasi, niliachia pumzi mpaka yule mama akanigeukia.

"Sasa Bi Harusi anatoka nyuma ya Farasi," alisema Mzee, na akamgusa, na akakata kulia.

Alimimina kahawa vikombe vitatu, akavileta kimoja kimoja, hakumwaga tone. Cha kwanza alimpa mgeni. Cha pili alinipa mimi. Afisa alikunywa yote, kisha akaandika, na nilichungulia daftari lake bila aibu: aliandika kwamba vitu ndani ya nyumba hii visisogezwe na mtu yeyote.

Barua ilikuja, nikaisoma kwa sauti, Mzee akabaki kwake. Mimi niliitwa na msimamizi, nikasemwa, nikaandikiwa onyo, nikaona nimestahili. Miezi sita hawakunipangia kwa Mzee. Nilikuwa napita chini ya dirisha lake nikienda kwa wengine, nakanyaga kwa nguvu, na naapa nilimwona akigeuza kichwa. Kisha yeye mwenyewe aliandikisha barua kwa ofisi akinitaka, nikarudishiwa saa mbili yangu ya asubuhi.

Aliishi pale miaka minne zaidi. Alifia kitandani kwake, gatini, asubuhi ya majira ya baridi, na mimi ndiye niliyeingiza ufunguo bila kumsikia akisema posta imefika. Nilikaa chini nikalia. Halafu nilisimama nikafanya kazi zangu zote, nikafagia kuzunguka Farasi, nikafuta vumbi, kila kitu palepale, ndipo nikapiga simu ofisini.

Binti yake alikuja kufunga nyumba. Alikuwa amesikia habari zangu kwenye simu za kila Jumapili. Aliniuliza ninataka kumbukumbu gani, nikaomba Farasi, na mpaka leo amekaa katikati ya sebule yangu, watoto wanajigonga, wanalalamika kwa Kiswidi, na wageni kutoka Hallunda wanamzunguka wakinishangaa. Nawajibu kwamba huyo hasogezwi.

Kisha akanialika kwenye mazishi. Majivu ya Mzee yalikuwa yanarudi kwao, na ndugu walikuwa wachache. Ilikuwa majira ya joto ya mwaka uliofuata, 2011. Nilipanda treni, nikapanda basi, mwisho nikapanda boti, mimi ambaye maji mengi sijawahi kuyapenda. Nilikaa mbele nimejifunga skafu ile ile, binti wa Mzee pembeni yangu na lile kopo la majivu mapajani. Alianza kunionyesha kwa kidole, kama unavyomfanyia mgeni: pale ni kanisa letu, pale ni mnara wa taa. Nikautazama ule mnara, nikasema kimoyomoyo, friji hiyo.

Mbele kulia kikaja kisiwa kirefu chenye mgongo. Yeye alikuwa ameacha kuonyesha, anafuta machozi. Nikaligeukia kanisa, likawa limekaa begani kwangu kushoto, mnara uko mbele, na mkono wangu wa kulia ulijiinua wenyewe ukashuka taratibu hewani, mahali penye mgongo wa kiti.

"Sasa Bi Harusi anatoka nyuma ya Farasi," nilisema.

Akatoka, mweupe pepepe, na boti ikakata kulia. Binti wa Mzee alinigeukia, akaniuliza kama nimewahi kufika huku.

Nikamwambia nimefika, kila siku saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili.